Hodi ya Mtu Mzima

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, sauti itakufuata. Kama uko ndani ya daladala au matatu, mwombe dereva aongeze sauti kidogo. Leo nina swali moja tu, na nitalirudia mara kwa mara ili tusipotezane njiani. Swali lenyewe ni hili: mtu mzima, mwenye ndevu zake na kitambulisho mfukoni, anaruhusiwa kumbishia jirani hodi usiku na kuomba pipi? Najua utacheka. Cheka, lakini usizime redio, maana huko Marekani na Kanada swali hili limefika kwenye mabaraza ya miji, likatungiwa sheria, na sheria zikawekewa faini. Mahali pamoja waliweka hata kifungo.

Kwanza tuelewane, kwa ajili ya yule ambaye Halloween ameiona kwenye filamu tu. Kila tarehe 31 Oktoba jioni, watoto hujigeuza kwa mavazi, huyu mchawi, huyu mifupa mitupu, yule zimamoto, wakashika ndoo ya plastiki yenye sura ya boga na kupita nyumba kwa nyumba. Wakifika mlangoni hutamka maneno yao ya siku zote, ambayo kwa Kiswahili ni kama kusema: tupe kitamu au tukufanyie kituko. Mwenye nyumba hutoa bakuli, kila mtoto huchukua chake, asante, twende kwa jirani. Ipo kanuni moja ambayo kila mtu anaijua bila kufundishwa: taa ya barazani ikiwaka, karibu; ikiwa imezimwa, pita usisumbue. Hadi hapo hakuna ugomvi. Ugomvi huanza kwenye saa mbili usiku, wadogo wakiwa wamesharudi kwao kuhesabu mavuno, mlango ukagongwa na kijana mrefu kuliko mwenye nyumba. Hajajigeuza kwa lolote, amejifunika kofia ya jaketi tu, na bila salamu ananyoosha foronya aliyoifanya mfuko.

Sasa, huyo apewe asipewe? Mimi nitasema mapema ninaposimama, kisha unipime. Naona tunauliza swali sahihi kwa kipimo kisicho sahihi. Tunauliza ana miaka mingapi, na ilitakiwa tuulize amekuja na nini. Kila desturi ya kupita nyumba kwa nyumba ninayoijua, iwe ya Ulaya, ya Amerika au ya huku kwetu, ni nipe nikupe. Anayebisha hodi hutoa kitu, anayefungua hutoa kitu. Mtoto mdogo hasumbuliwi kwa sababu utoto wake wenyewe ni malipo: unafungua mlango, unaona kizimamoto cha miaka mitano kimevaa helmeti inayokifunika macho, umeshalipwa. Mtu mzima hana malipo hayo. Kwa hiyo akitaka kubisha hodi, alete kingine.

Tuanze na hizo sheria, maana zinatuonyesha jinsi kipimo cha umri kinavyoyumba. Mwaka 1970 mji wa Chesapeake, katika jimbo la Virginia, ulipitisha kanuni kwamba aliyezidi miaka 12 akikutwa anazunguka kuomba pipi usiku wa Halloween ametenda kosa, na adhabu yake ni faini au kifungo kisichozidi miezi sita. Miezi sita, msikilizaji, kwa ajili ya chokoleti! Kanuni hiyo ilikaa vitabuni karibu nusu karne. Mwaka 2019 madiwani walipandisha umri hadi 14 na kuondoa kifungo. Mji wa Belleville, Illinois, mwaka 2008 uliwazuia waliokwisha kupita darasa la nane. Nchini Kanada, mji wa Bathurst katika jimbo la New Brunswick ulikuwa na mpaka wa miaka 14, kisha mwaka 2017 ukausogeza hadi 16, na mwisho wa kutembea ukawa saa mbili usiku. Hebu tazama hizo namba: 12, 14, darasa la nane, 16. Miji hii ina majirani wanaofanana, pipi zinazofanana na usiku ule ule mmoja, na bado haikubaliani mtoto anakoma wapi. Kama umri ungekuwa ndio jambo lenyewe, si wangekutana mahali fulani? Nadhani kila baraza lilikuwa na usumbufu wake, watu warefu mlangoni, fujo za usiku, malalamiko ya wakazi, na umri ukachukuliwa kwa sababu ni rahisi kuuandika kwenye karatasi.

Kuna jambo lingine ambalo wapinzani wa watu wazima hupenda kulisahau. Husema, hii ni sikukuu ya watoto, waachieni watoto. Ya watoto tangu lini? Katika Uingereza ya zama za kati, siku za Watakatifu Wote na Marehemu Wote, yaani tarehe mosi na mbili Novemba, maskini walipita kwenye nyumba za watu wakipewa vikeki vidogo, na badala yake waliwaombea dua marehemu wa nyumba ile. Walikuwa watoto na watu wazima pamoja. Desturi hiyo ilijulikana kiasi kwamba Shakespeare, katika tamthilia yake ya mabwana wawili wa Verona, anamfanya mtumishi mmoja amtanie bwana wake kwa kumfananisha na ombaomba wa siku hiyo anavyolialia, na watazamaji walielewa bila kufafanuliwa. Huko Scotland na Ireland vijana walijigeuza kwa masizi na nguo kuukuu, lakini hawakupewa tufaha wala karanga mpaka waimbe, waghani au waseme kichekesho. Angalia tena: dua kwa keki, wimbo kwa tufaha.

Na pipi zenyewe ziliingiaje? Hapa ndipo hadithi inaponoga. Mwaka 1927 gazeti moja la Alberta, Kanada, liliripoti kuhusu kijiji cha Blackie, ambako vijana walikwenda mlango wa mbele na wa nyuma wakidai kitamu la sivyo wafanye kituko, na kesho yake barabara kuu ikakutwa imepambwa kwa mageti, mapipa na magurudumu ya magari ya farasi. Katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, vituko vya Halloween katika miji ya Marekani viligeuka uharibifu wa kweli, na waliofanya hivyo hawakuwa watoto wa miaka mitano. Walikuwa wavulana wakubwa, wenye nguvu za kung'oa geti na kupindua choo cha nje. Familia na vyama vya mitaa vikaanza kuwakaribisha, kuwalisha na kuwashughulisha ili mali isalimike. Kisha vita vikaja, sukari ikawa ya mgao kuanzia mwaka 1942 hadi 1947, na mgao ulipokwisha, ndipo mitaa mipya ya pembezoni mwa miji ikajaa familia changa na kampuni za pipi zikaona soko. Ni baada ya hapo ndipo sikukuu ilipokabidhiwa wadogo. Kwa maneno mengine, yule kijana mrefu mwenye foronya ndiye aliyewekewa bakuli hapo mwanzo. Pipi zilikuwa hongo yake! Sasa tunamwambia amekosea mlango.

Bila shaka kuna atakayesema: vizuri, hayo ni ya zamani, watu hubadilika. Basi twende kwa watu ambao hawakubadilika. Nakuomba unifuate Newfoundland, kisiwa cha mashariki ya Kanada, nyumba za wavuvi pembeni mwa bahari, majira ya Krismasi. Huko wanaozunguka ni watu wazima. Wamevaa kinyume: mwanamume gauni, mwanamke koti la mumewe, mto umefungwa mgongoni uwe kibyongo, usoni kuna kitambaa cha pazia au foronya iliyotobolewa macho. Wanagonga na kuuliza kama waliojigeuza wanaruhusiwa kuingia. Na sauti wameigeuza pia: wanaongea huku wakivuta pumzi ndani, badala ya kuitoa, ili wasitambulike. Jaribu kidogo hapo ulipo, sema jina lako huku ukivuta pumzi. Umesikia? Hata mama yako hatakujua. Wakishaingia wanacheza, wanapiga kelele, na wenye nyumba wana kazi moja, kukisia: huyu mguu wake kama wa fulani, huyu kicheko chake nakijua. Ukitambuliwa unafunua uso, kisha unapewa keki na kinywaji. Hakuna anayeomba vyeti vya kuzaliwa. Malipo ya mgeni ni fumbo alilolileta, na fumbo likifumbuliwa anakuwa jirani tena.

Nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya kwa kuficha upande wa pili. Mnamo Desemba 1860, katika mji wa Bay Roberts huko huko Newfoundland, mvuvi aitwaye Isaac Mercer alishambuliwa na watu waliojificha nyuso, akafariki. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kukataza kujigeuza hadharani bila kibali cha hakimu. Kwa hiyo wanaoogopa watu wazima waliofunika nyuso usiku hawaogopi kivuli. Hofu yao ina kaburi. Tutairudia hoja hii muda si mrefu, maana ndiyo nzito kuliko zote. Lakini kabla ya hapo nikupeleke kusini, Louisiana, tuone watu waliolitatua tatizo hilo kwa njia nyingine.

Kwenye vijiji vya mashamba karibu na Mamou na Church Point, katika siku za mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, watu wazima huvaa nguo zenye vitambaa vinavyoning'inia, kofia ndefu zilizochongoka na vinyago vya wavu wa waya, wakapanda farasi na magari ya kukokotwa kupita nyumba kwa nyumba kuomba. Wanaomba vitu vya kupikia gumbo, ule mchuzi mzito wa jioni: mchele, soseji, na hasa kuku. Sikiliza sasa. Wakifika kwenye ua wa mtu, kundi zima linasubiri barabarani. Anayetangulia ni mmoja tu, kiongozi wao, ambaye yeye hakuvaa kinyago. Ana bendera nyeupe mkononi. Anamwendea mwenye nyumba uso wazi na kumuuliza kama anawapokea. Akikubaliwa, bendera inashushwa, kundi linaingia, linaimba, linacheza, linanyoosha mikono kuomba hata senti tano. Mwenye nyumba akirusha kuku hewani, watu wazima wenye kazi zao na wajukuu wao wanamkimbiza kwenye tope, wanaanguka, wanapigana vikumbo, na jirani aliyetoa kuku anacheka hadi machozi. Jioni wote wanakula pamoja. Je, hao ni wakubwa mno? Anayewatazama hata halimjii swali hilo.

Sisi wenyewe mambo haya hatuna haja ya kuyasomea. Ramadhani, katika miji ya pwani, wapo wanaopita mitaani usiku na ngoma kuamsha watu wale daku. Hao ni wakubwa. Mfungo ukielekea ukingoni, wanapopita kuchukua chochote, hakuna anayewaambia ninyi wazima mnaomba nini, kwa sababu kila nyumba inakumbuka ngoma. Mtoto siku ya Idi yeye hakupiga ngoma. Amevaa kanzu mpya, anapita kwa shangazi na kwa jirani, anapewa mkono wa Idi, basi. Oman, ambako Kiswahili kina wenyewe, watoto huzunguka katikati ya Ramadhani wakiimba nyimbo za Qaranqasho na kurudi na pipi na njugu. Tuna vipimo viwili, cha mtoto na cha mtu mzima, na hatuoni shida kuvitumia vyote viwili mtaa mmoja. Mtoto hupewa kwa kuwa ni mtoto. Mkubwa hupewa kwa alichofanya.

Sasa hofu. Niliahidi kuirudia. Mwenye nyumba ni bibi wa miaka 80 anayeishi peke yake, saa tatu usiku, na kwenye ngazi yake wamesimama wanaume watatu waliofunika nyuso. Umwambie nini? Kwamba Halloween ni furaha? Mwaka 1976 wanasaikolojia walichapisha jaribio walilolifanya Seattle, katika nyumba 27, kwa watoto zaidi ya 1,300. Mtoto aliambiwa achukue pipi moja, kisha mwenyeji akaondoka chumbani, na mtu aliyejificha akatazama. Waliokuja peke yao na kuulizwa majina walikuwa waaminifu, chini ya mmoja kati ya kumi ndiye aliyezidisha. Waliokuja kikundi bila kuulizwa jina, zaidi ya nusu walizidisha. Jaribio lilikuwa la watoto, na pipi si wizi wa benki, lakini linathibitisha kile alichokijua yule kiongozi wa Louisiana: kinyago pamoja na kundi ni mchanganyiko wa kuchungwa, na dawa yake ni jina. Ndiyo maana kwetu hodi hujibiwa kwa swali, nani? Na ndiyo maana naona mtu mzima anayetaka kuzunguka usiku wa Halloween ana wajibu ambao mtoto hana: afunue uso kabla hajaombwa, aseme jina, aende kwa wanaomjua. Kwa bibi asiyemjua asiende kabisa, hata taa ikiwaka.

Lakini geuza upande wa pili wa hofu hiyo hiyo. Mwenye nyumba anayekagua umri kwa macho, macho yake yanaona nini? Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na mwanasaikolojia Phillip Atiba Goff na wenzake ulionyesha kwamba Wamarekani walioulizwa, polisi wakiwamo, waliwaona wavulana weusi kuwa wakubwa kuliko umri wao wa kweli, mara nyingine kwa zaidi ya miaka minne. Hili linawagusa wasikilizaji wetu walioko huko, familia za Kikongo, za Kikenya, za Kitanzania. Mtoto wako ana miaka 12, amerefuka mapema kama wajomba zake, amevaa vazi lake la simba kwa furaha, na anafunguliwa mlango na mtu anayemwambia, wewe mkubwa, rudi nyumbani. Ongeza hapo kijana aliyefika Marekani juzi akiwa na miaka 15, ambaye hii ndiyo Halloween yake ya kwanza. Ongeza mtu wa miaka 20 na kitu mwenye usonji, ambaye kwake usiku huu hauna tofauti na alivyokuwa na miaka saba. Tangu mwaka 2018 hivi, baadhi ya wazazi wamekuwa wakiwapa watoto wao wa namna hiyo ndoo ya buluu, ili wafungua milango waelewe bila kuuliza maswali. Wapo wanaoipinga ndoo hiyo, wakisema kwa nini mtu atangaze hali yake ili apate pipi moja, na mimi nawaelewa. Isingehitajika kama hodi ya heshima ingetosha.

Hoja ya pipi kuwaishia watoto sitaikalia sana. Ni kweli bakuli lina mwisho. Mkubwa aje usiku umekomaa, wadogo wamelala, achukue moja, asitie mkono mara mbili. Limekwisha hilo. Wapo pia wanaotetea vijana kwa kusema heri waombe pipi kuliko wakanywe pombe. Nusu ya hoja hiyo ni kweli, lakini inamfanya kijana aonekane mhalifu aliyechelewa kuanza, na sidhani tunamtendea haki.

Iliyobaki ni hoja ya heshima. Mtu mzima hovyo! Neno hili linauma kwa lugha yetu, na wanaolitumia hawakosi sababu: ukubwa una staha yake. Ila tazama wakubwa wenyewe wanavyofanya. Tangu mwaka 1974 maelfu yao huandamana karibu kila Halloween katika mtaa wa Greenwich Village, New York, na vikaragosi vikubwa na mavazi ya kutisha, na umati husimama kandokando ya barabara kuwatazama. Kujigeuza hakuvunji staha. Kinachoivunja ni mkono mtupu ulionyooshwa bila salamu, na mkono huo ni wa aibu ukiwa na miaka 40, ni wa aibu ukiwa na miaka 16.

Kwa hiyo yule kijana wetu bado amesimama mlangoni na foronya yake, na wewe umeshika bakuli. Mimi ningemuuliza, umekuja kama nani? Akicheka na kusema, mimi mzimu wa mtu aliyesahau kununua vazi, ningempa mbili. Akikaa kimya, ningempa moja, nikamtakia usiku mwema, nikazima taa ya barazani. Wewe je, msikilizaji, ungempa ngapi? Tuandikie kwa anwani yetu ya kawaida, barua zitasomwa wiki ijayo saa hii hii.